Shahamu Kwenye Breki za Baba

Ukitaka kunifukuza mezani, huna haja ya kunitukana. Niwekee tu kipande cha nyama chenye shahamu iliyoganda, nitaondoka mwenyewe. Harufu ya shahamu iliyochacha ilinikaa puani masika moja, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa msichana wa miaka tisa huko Shauri Moyo, na haijatoka hadi leo. Haikutoka jikoni harufu hiyo, wala buchani. Ilitoka kwenye magurudumu ya gari la baba. Kila asubuhi nilipotumwa kuteka maji kwenye bomba la wote nilipita kando ya gari hilo mkono mmoja ukiwa na ndoo na wa pili umebana pua, na bado harufu ilinipitia mdomoni. Ilikuwa na utamu fulani wa kitu kinachooza, ikachanganyika na moshi wa makaa, na maji ya sabuni yaliyolala mtaroni, na vyoo vya mtaa ambavyo sitavieleza. Nilitema mate kutoka mlangoni mpaka bombani. Mama alinikemea kwamba msichana hatemi mate njiani, nami nikaendelea kutema.

Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni kule Eneo la Viwanda. Gari lenyewe lilikuwa la Kifaransa, la rangi ya maziwa, na alilinunua likiwa limekwisha kuchoshwa na watu wengine. Tuliishi katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, lakini gari tulikuwa nalo. Kwa hiyo mjue mapema baba yangu alikuwa mtu wa namna gani. Petroli ilikuwa imepanda bei, basi gari halikwenda popote. Lilisimama karibu na bomba, likaoshwa kila Jumamosi kwa bidii ambayo sisi watoto hatukuwahi kuoshwa nayo, kisha likarudi kunyeshewa. Vifuniko vya magurudumu viliibwa mapema, na balaa likaanzia hapo, maana sasa kupitia matundu ya rimu kila mpita njia aliweza kuona diski za breki, zile sahani za chuma ambazo pedi huzibana ili gari lisimame. Chuma kitupu kikilala na maji huota kutu usiku mmoja tu. Diski zikawa nyekundu, na majirani wakaanza kuuliza kama gari la Baba Nekesa limepakwa hina. Aliyemwuzia alikuwa amemwambia dawa yake, nami nilikuwepo nikisikia: ukishaliosha, liendeshe kidogo huku ukikanyaga breki polepole, zipate joto zikauke, ndipo uliegeshe, na kutu ya juu juu isikutie hofu, hujifuta gari likitembea. Lakini kuchoma petroli kwa ajili ya kukausha chuma baba aliona ni wazimu. Alitaka diski zing'ae huku gari limesimama.

Hayo yote yasingenihusu kama si dada yangu. Nekesa, mkubwa wetu, alikuwa aolewe mwisho wa masika hayo, na baba alikuwa ametangaza kazini, kanisani na kwa yeyote aliyesimama kumsikiliza kwamba binti yake hatatoka nyumbani kwa gari la kuazima. Nekesa alikuwa akishona nguo kwa fundi mmoja upande wa Gikomba, na gauni lake la arusi alilishona mwenyewe, jioni baada ya jioni, kwa mabaki ya kitambaa cheupe aliyoyaunganisha kwa ustadi hata usingejua. Lilining'inia juu ya kitanda chetu likiwa limefungwa kwa shuka, na wadogo tulikatazwa hata kupiga chafya karibu nalo. Yeye aliwaza gauni, baba akawaza magurudumu. "Wakwe wakija wataangalia magurudumu," alisema, tena na tena. Sijawahi kukutana na mkwe wa namna hiyo.

Jumapili moja mama alimaliza kupika chapati, akaifuta kaango yake ya chuma kwa kitambaa chenye mafuta, akaitundika ukutani kama alivyofanya siku zote. Baba alikuwa akinywa chai. Akaitazama ile kaango hata chai ikapoa.

"Hii kaango haijawahi kushika kutu?" akauliza.

"Itashikaje na mimi naipaka mafuta?"

Kesho yake alirudi kutoka kiwandani na mkebe wa shahamu, yale makombo yanayokwanguliwa kwenye mapipa kabla hayajawa sabuni, ya rangi ya usaha, yenye nywele za ng'ombe ndani yake. Akainua gari kwa jeki, gurudumu baada ya gurudumu, akazipaka diski zote nne pande zote mbili kwa vidole vyake, kwa upendo kabisa. Mama alitoka akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Nekesa, kaango yangu inakaa tu kwa ukuta. Haisimamishi mtu. Hiyo kitu si ni ya kushika? Sasa wewe unaitelezesha."

"Wewe pika," baba akamjibu bila kugeuka. "Mambo ya gari niachie."

Sikio la kufa halisikii dawa. Jioni hiyo alinawa juu juu, akaketi, akamega ugali wa sahani yetu sote kwa vidole vile vile, weusi wa breki na weupe wa shahamu vikiwa chini ya kucha. Mimi nililala njaa. Nilisema tumbo linaniuma, na haukuwa uongo.

Ndani ya wiki moja gari lilikuwa na wageni. Nzi walikuja kwanza, wale wa kijani, wakatanda kwenye matundu ya rimu. Kisha wakaja mbwa wa mtaa, wakalala kifudifudi wakilamba magurudumu, ulimi unaingia na kutoka tunduni. Panya hawakuona haya hata mchana. Nilimwona mmoja mnono akitoka nyuma ya gurudumu ameng'aa mwili mzima, masharubu yamegandamana. Kila mbwa alipolamba, baba alipaka tena. Diski zilimeta kweli, hilo sitamnyima. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Watoto walikuwa wakinisubiri njiani kutoka shule. "Niaje Nafula! Gari yenu imeiva? Tukuje na ugali saa ngapi?" Nilimpiga mmoja kwa mkoba wa vitabu, lakini moyoni nilikubaliana naye. Nilimchukia baba masika yale, na nasema hivyo waziwazi. Nilichukia jinsi alivyochuchumaa kila jioni kuchungulia rimu, akitabasamu.

Siku ya arusi mvua ilipumzika. Gari lilifungwa riboni, magurudumu yakafutwa nje, Nekesa akaketishwa kiti cha nyuma peke yake ili gauni lisikunjwe. Kwetu bi harusi hatolewi kimyakimya. Wanawake hulitangulia gari wakiimba na kucheza mpaka barabara kubwa, na gari hujikokota nyuma yao. Mama alikuwa katikati yao, amejifunga leso ya manjano, ametupa mgongo. Mimi nilikataa kuingia ndani ya ile harufu, nikatembea kando. Barabara ya mtaa wetu huteremka kidogo kuelekea chini, na baba, ambaye hata siku ya kumwoza binti hakusahau bei ya petroli, alizima injini akaliacha gari lijiteremkie. Mwanzoni lilikwenda polepole. Kisha nikaanza kutembea haraka ili kwenda nalo sawa, kisha nikakimbia. Nilimwona baba akikanyaga, akiinua mguu, akikanyaga tena mpaka goti likagonga usukani. Akavuta breki ya mkono mpaka mwisho wake. Pedi zilikuwa zimenywa shahamu mwezi mzima, zingeshika nini? Akapiga honi. Lakini honi ya arusi ni furaha! Wanawake waliposikia honi walizidisha vigelegele, wakazungusha viuno, na hakuna hata mmoja aliyegeuka. Nililia "Mama!" kwa nguvu zangu zote, sauti ikamezwa na wimbo. Leso ya manjano ilikuwa mbele kabisa ya boneti, ikichezacheza.

Baba alikata usukani. Gari liliacha barabara, likampita mama kwa nafasi ya mkono, likaingia mtaroni, likalala ubavu. Mtaro ule ulibeba maji ya bomba, ya jikoni na ya vyoo, na masika yalikuwa yameujaza. Maji yale meusi yaliingia kwa mlango wa chini. Nekesa alikuwa akipiga kioo kwa viganja, kilio chake hakisikiki vizuri, gauni likibadilika rangi kuanzia chini kwenda juu. Baba alipanda akatokea dirishani, akaruka chini. Nami nilidhani anakwenda kumfungulia. Alichuchumaa kwenye gurudumu lililokuwa hewani, likizunguka bado. Akalisimamisha, akapitisha vidole tunduni, akawaonyesha wanaume waliokuwa wakikimbia kuja.

"Angalieni wenyewe," alisema akihema. "Diski ni safi. Hakuna kutu hata kidogo."

Mama ndiye aliyemtoa Nekesa. Alipanda juu ya gari na leso yake, akavuta mlango wa juu, akamshika binti yake kwapani. Walimrudisha bombani wakamwosha hapo, mbele ya mtaa mzima, kwa vipande vya sabuni kutoka kiwanda cha baba, yeye akitetemeka na kutapika. Baba aliposogea hatimaye na kumshika bega, aliacha alama ya vidole vinne vya shahamu nyeusi kwenye mkono wa gauni. Nekesa alikwenda kanisani kwa miguu, akiwa na blauzi ya kuazima na leso ile ya manjano kiunoni. Bwana harusi alimshika mkono kana kwamba ananukia waridi, ndiyo maana hadi leo shemeji huyo simsemi vibaya kwa lolote. Uchafu wa mtaro ulitoka kwenye gauni baada ya kulowekwa. Vidole vinne havikutoka. Na Nekesa hajapanda tena gari lolote ambalo baba ameshika usukani.

Sasa naishi Njiru na nina gari langu. Likilowa huliendesha kidogo, nakanyaga breki kwa upole mara chache zikauke, ndipo nalipumzisha, wala siliegeshi kwenye nyasi zenye maji. Nimempa fundi apake rangi kitovu cha diski na ukingo wake tu. Uso unaoshikwa na pedi hauguswi na rangi wala mafuta. Kijana mmoja wa petroli stesheni aliwahi kunishauri nipulizie mafuta ya kopo kwenye magurudumu yapendeze. Nilimtazama mpaka akaenda kufuta vioo.

Mwezi jana baba alikuja kunitembelea. Amezeeka, anatembea kwa fimbo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na nilipotaka kumpeleka kanisani alisimama kando ya gari, akainama kwa shida, akachungulia rimu, akasonya.

"Nafula, hii gari inaota kutu. Hauna mafuta huko jikoni?" Akajinyoosha. "Ile yetu haikuwa na kutu hata kidogo."

"Haikuwa na breki pia, Baba."

Aliingia, nikamfunga mkanda. Tulipofika kwenye mteremko nilikanyaga, kutu ikakwaruza krrr, na baba akakunja uso kama mtu aliyeuma kitunguu kibovu. Mimi mlio huo naupenda kuliko kwaya. Mbele yetu wanawake kadhaa walikuwa wakienda kanisani katikati ya barabara, leso mabegani, wametupa migongo, wakiongea. Sikupiga honi. Gari likasimama nyuma yao, tukangoja.

Baba aliwatazama muda mrefu.

"Mama yenu alivaa ya manjano," akasema.

Maneno hayo mama aliyangoja mpaka tukamzika. Wanawake walipotupisha niliachilia gari, nikakanyaga tena breki, ikashika.