Bisibisi Sikioni

Fundi wa pikipiki wa Balangdalalu haanzi kwa macho. Huegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini akauweka sikioni, kisha hufumba macho, na hapo hata shikamoo haitikii. Oili imemwingia mpaka kwenye mistari ya viganja. Clement, dereva wa boda, alimpelekea pikipiki ya umeme iliyokuwa ikitetemeka usukani. Alikuwa ametoka kuichaji kwenye sola ya mashine ya kusaga, na njiani alimwonea fundi huruma, maana aliona kazi ya sikio lile imefika mwisho.

"Washa," fundi akasema, bisibisi mkononi.

"Imewaka, fundi."

Fundi akatega sikio; hakuna mngurumo. Akaweka gogo chini ya fremu, akaegemeza bisibisi kwenye ekseli ya mbele, akamwashiria Clement azungushe gurudumu. "Beringi imeingia mchanga," akasema polepole. "Kidogo tu." Clement akaliacha gurudumu ili amletee spana, lakini fundi hakuitoa bisibisi sikioni. Miaka thelathini injini zilimpigia kelele; gurudumu lenyewe hakuwahi kulisikia.

"Usiache," akanong'ona. "Zungusha tena."