Nilihamisha shosh kutoka beach juu bahari ilikuwa hakuna

Wakuu, niaje. Hii story ni ya ukweli, na mathe yuko hapa sebuleni kama kuna mtu anataka shahidi.

Nilitoa familia yangu kwa cottage iliyoangalia bahari, juu bahari ilikuwa imeenda.

Ngojeni nieleze.

Shosh wa Ngoingwa, mamake mathe, alikuwa hajawahi kuona bahari. Goti lake linapasuliwa karibuni, so mathe akasema tumpeleke Diani kwanza. Kutafuta mahali pa kulala nikaachiwa mimi, eti kwa sababu siwachangi simu.

Nikapata cottage moja safi. Veranda, ngazi mbili, mchanga. Picha zote zimejaa maji.

Tukafika saa saba mchana. Wakuu, maji hakuna! Ni mawe tu na majani meusi, na watoto wanaokota vitu huko mbali.

Mimi, mtu wa Form Three anayejiita moto kwa Geography, nikatangaza: "Mathe, tumechezwa. Hizo picha ni za kwingine."

Caretaker alikuwa ameenda kutuletea gas. Sikumngoja. Nikapata hotel ng'ambo ya barabara, iko na swimming pool, na tukahama.

Jioni waiter akatuuliza mbona hatuendi beach na maji yamejaa. Kumbe bahari huenda na kurudi kila siku! Na kutoka hotel kufika huko ni kutembea kwa mchanga, kitu shosh hawezi.

Nikampata kando ya pool, ameingiza miguu. Akaniambia polepole, "Ni sawa, baba. Hata haya ni maji."

Heri angenichapa.

Nikakimbia kwa caretaker. Alicheka hadi akashika mlango. "We kijana, ulidhani bahari imefunga kama duka? Mrudishe bibi yako, asubuhi yapanda tena."

Asubuhi shosh akashuka zile ngazi mbili akiwa ameshika bega yangu. Wimbi likamlowesha hadi kwa goti mbaya. Akaitolea bahari macho: "Jana ulikuwa wapi, na mimi nilikuwa nimekuja?"

Mathe akaangalia kando, akapangusa uso na leso. Mimi pia mchanga uliniingia kwa macho, msiulize.

Sasa nimejua: uliza watu wa huko maji hujaa saa ngapi, na ukienda na mzee, angalia ngazi kabla uangalie pool. Kama kuna mwingine hapa alishawahi kosana na bahari, aongee, nisichekwe peke yangu.

Tukarudi nyumbani Ruiru. Kwa gate ndio mathe akasema: "Siku ingine bahari ikitoka, wewe ifuate. Mimi na mamangu tutawangoja nyinyi wawili kwa veranda."