Kilio cha Mama Kwenye Tamthilia

Ninatunga muziki wa filamu na tamthilia, kazi ambayo ndugu zangu mpaka leo wanadhani ni kupiga disko kwenye harusi. Studio yangu iko Mwankoko, chumba kimoja, kuta nimezibandika trei za mayai.

Mwaka ule muongozaji alitaka wimbo wa kufungulia tamthilia uanze na kilio cha msiba. Nikaleta waimbaji watatu. Wote walilia kama waliobanwa kidole na mlango. Nikawafukuza kwa hasira, nikapanda gari kwenda Sepuka kwa mama.

Kwetu mtu akipatwa na kifo au balaa, kilio cha mwanamke ndiyo simu. Ukikisikia unaacha jembe ulipo, unakimbia, huulizi. Na hakuna aliyelia kama mama.

Alikataa. "Kilio ni cha kuita watu, mwanangu. Ukikiita bure, siku ya shida hawaji."

Nikanuna siku mbili, nikasusa ugali wake wa uwele. Mtu mzima na ndevu zangu! Basi akakubali. Tukajifungia kwenye ghala la alizeti, nikaziba mlango kwa godoro. Alilia mara moja tu, mwili ukanisisimka. Sijavua hata spika za masikioni, majirani wawili walishafika wakihema, mmoja ana unga mikononi. Mama aliona aibu. Mimi nilicheka, mjinga mimi.

Tamthilia ikapendwa sana. Siku moja nilikwenda kuwasalimia wazee, tukawa uani tunachambua alizeti. Ilipofika saa kumi alasiri, saa ya tamthilia, mama akalia kutoka nyumba ya kushoto. Kabla hajamaliza, akalia kutoka nyumba ya kulia, maana ving'amuzi haviendi sawa. Na mwenyewe alikuwa kakaa hapo kando yangu, anapepeta.

"Mke wangu, leo unamlilia nani tena?" baba alitania.

Mama akaongeza alizeti kwenye ungo. 

Mavuno yaliyofuata baba alianguka pale pale uani, alasiri. Alikuwa bado anapumua. Mama akalia, safari hii kweli. Jirani mmoja alikuja kuniambia mwenyewe, macho chini, kwamba alikisikia vizuri kabisa. Akamwambia binti yake awashe TV haraka, kwa wenzao tamthilia imeshaanza.

Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Aliponyamaza, sauti yake ikamjibu kutoka kushoto, kisha kulia. Watu walikuja kipindi kilipokwisha, na baba naye alikuwa ameshakwisha.

Nilifika asubuhi yake. Uani watu wamejaa, mama kimya kabisa. Shangazi akamsihi, "Wifi, lia jamani, marehemu asizikwe kama mgeni."

Mama akanitazama mimi. "Mwambie huyu akizime kwanza kile kingine."

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikampigia muongozaji, nikambembeleza kama mtoto. Akanipa pole nyingi, akasema kipindi cha leo kimeshapangwa.

Saa kumi tulikuwa makaburini, kijiji kizima. Jeneza likiwa linashuka, mama akalia kutoka nyumba ambayo watu wake wote walikuwa wamesimama pale nasi, TV wameiacha inawaka. Hakuna aliyegeuka. Hicho ndicho kilio pekee alichozikwa nacho baba yangu.