Kambakoche na Mkaguzi Mmoja

Juzi, kwenye ofisi moja ya mizigo hapa Kismayu, nilisimama nyuma ya mama mmoja wa kisiwa cha Chovae aliyekuwa akipeleka kambakoche Dubai. Walikuwa bado hai masandukuni, wamefunikwa magunia yaliyoloweshwa maji ya bahari, na ndege ilikuwa karibu kuondoka. Kibali kilikuwa tayari, ila muhuri anao mkaguzi, na mkaguzi alikwenda kwake kula.

“Mwanangu,” mama alimwambia karani kwa lafudhi ya kisiwani kwao, “nilipokuwa Mombasa nikifanya kazi hii hii, asubuhi unaleta mzigo, adhuhuri umeshapaa. Kule hawamngoji mchu mmoja.”

Karani hakukasirika. Aliinua gunia, akamtazama kambakoche akitikisa sharubu kwa uchovu.

“Kule wako wengi, mama. Hapa yuko yeye tu.”

Akafunga dirisha, akaingia kwenye bajaji. Alirudi na mkaguzi, mzee ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa bado una mafuta ya wali. Mzee alikagua masanduku, akagonga muhuri kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi. Mzigo uliwahi ndege.

Nilimuuliza mama nchi ipi inamfaa zaidi. Alikunja magunia yake polepole.

“Wa Mombasa ni wepesi, hilo sifichi. Lakini kule sijaona mchu akiacha sahani yake kwa ajili yangu.”

Nami nawaomba wakubwa wetu jambo dogo: tuleteeni mkaguzi wa pili, huyu wa kwanza apate kula kwa utulivu.