Kikapu cha Nyuma ya Mlango

Leo nimeamka situlii. Nimekuja Mbinga kwa siku mbili, kahawa imechanua nyeupe mlimani, baridi ni ileile ya utotoni, na bado mkono wangu hauachi simu. Mwenzangu niliyesoma naye amelazwa, kundi la darasa letu linachangishana. Pesa niliyo nayo ni ada ya binti yangu, inasubiri shule zifunguliwe. Mara mbili nimeandika kiasi, mara mbili nimefuta. Labda nawe, rafiki yangu, unaijua hali hii. Nikatoka, nikatembea hadi lilipokuwa shamba la bibi.

Bibi alilima ngolo, yale mashimo yanayoshuka mlimani kama sega la nyuki, nyasi zimefukiwa kwenye kingo zake. Mstari wa juu kabisa, kando ya njia, haukuwa wetu. Maharage yake yaliingia kwenye kikapu nyuma ya mlango, ya kutoa tu. Ya kula yalikaa chunguni. Ya mbegu yalitundikwa juu ya moto, yakila moshi ili wadudu wasiyaguse. Mtu akija na shida, bibi hakukimbilia kikapu. Alimkaribisha, akammiminia togwa, akauliza, "Kimepungua nini?" Mara nyingine ilikuwa chumvi tu, mara nyingine mtu wa kusaidia kupalilia. Mimi niliona anachelewesha watu.

Mwaka mmoja, kabla ya kupanda maharage, nyumba ya jirani yetu mjane iliungua. Alikuja na ungo, nguo zikinuka majivu, wakati bibi yuko jumuiya kusali. Nikachungulia kikapu: maharage yalifunika chini tu. Nikaona aibu. Nikapanda kigoda, nikafungua fungu la juu ya moto. Nje lilikuwa na masizi, ndani maharage mekundu yanang'aa. Nikamjazia ungo. Alilia, nami nikajiona mkubwa kuliko padri.

Bibi aliporudi alitazama juu, kisha akanitazama mimi. Hakunipiga. Alibeba kikapu, akanishika mkono, tukaenda haraka kwa jirani kubadilishana maharage. Tulikuta chungu kinatokota.

"Mama, maharage yako haya," jirani alisema, "tangu mchana nayachemsha, yananitazama tu."

"Yamelelewa na moshi hayo," bibi akajibu. "Ni mbegu."

Jirani akaweka mwiko chini, asijue pa kutazama.

"Usiogope, mwanangu. Yameshaonja maji moto, shambani hayarudi. Pakua tule."

Tukala, tukitafuna kwelikweli. Njiani bibi akaniambia, "Moyo wako ni mzuri, usiubadilishe. Ila leo umetoa na maharage ya watakaokuja mwakani."

Sikumwelewa hadi tulipopanda. Mbegu alizopata kwa kutoa kuku wake wawili ziliishia katikati ya mlima. Juu kukaota magugu, na mstari wa kando ya njia nao ukabaki hivyo. Baada ya mavuno akaja mama mmoja kutoka Litumbandyosi, mtoto mgongoni. Bibi alimmiminia togwa, akauliza kilichopungua. Mama akasema, maharage. Nilikwenda nyuma ya mlango kama nilivyozoea kutumwa, nikarudi mikono mitupu. Yule mama alituaga kwa adabu zote. Nilimtazama akishuka, miguu ya mtoto ikining'inia, mpaka wakapotea.

Mstari wa juu sasa ni duka. Mbegu zinauzwa humo ndani ya pakiti, hakuna anayezitundika moshini. Nikasimama kando yake nikampigia mke wa mgonjwa.

"Pole, wifi. Kimepungua nini?"

Akaitikia. "Hujambo lakini, wifi? Wengine wanauliza namba ya kutumia tu." Kisha akataja dawa moja.

Nilituma pesa niliyotaka kununulia zawadi za kurudi nazo nyumbani. Ilitosha dawa. Ada sikuigusa.

Nilidhani nitatulia. Lakini simu imeita tena, msiba kwa jirani wa mjini, na ninajipapasa nikijua ninacho chungu cha kula, ninayo mbegu, na nyuma ya mlango wangu sijawahi kuweka kikapu.