Kiganja Juu ya Kikombe

Tangu alfajiri Chorol alikuwa hakai hasimami. Alimnyonyesha mtoto, akamfunga mgongoni, akatoka. Akarudi kutazama kama moto umezimika, akatoka tena. Maneno ya nesi Diskit yalimzunguka kichwani: asile, asinywe ila maji, mpaka atolewe damu. Atakayekunywa chai ataachwa, na gari la hospitali ya mjini Leh halipandi huku mlimani tena mpaka theluji iyeyuke.

Presha yake aliijua tangu ujauzito. Hiyo hupimwa kwa mkanda wa mkononi. Leo wapimaji wa hospitali walitaka kupima kingine.

"Damu nayo hushika kutu, kama chuma," nesi alimwambia. "Kwa wenye presha tunataka kujua kutu hiyo imefika wapi, kabla haijala mishipa."

Mama yake Chorol alianguka kando ya jiko akiwa kijana bado, upande mmoja wa mwili ukafa. Ndiyo maana usingizi ulimpaa.

Wapimaji walikaribishwa kwa Abi Yangzom, bibi wa jirani, na kwa Abi hakuna anayeketi mikono mitupu. Chorol alipoingia, birika la chai ya siagi na chumvi lilikwisha kuchemka.

"Ahsante, Abi, sinywi."

"Binti ana adabu huyu," Abi akacheka, akasogeza kikombe. Nani kijijini hukubali mara ya kwanza?

"Kweli, Abi. Sijatolewa damu."

"Mama yako naye alikuwa hivyo hivyo. Mpaka abembelezwe."

Birika likainuliwa. Chorol akaziba kikombe kwa kiganja, jambo ambalo hata mlevi halifanyi, na chai ikammwagikia vidoleni. Mtoto akaanza kulia.

"Chai yangu ina sumu?" Abi akauliza polepole.

"Haina, Abi. Nataka tu kujua kama nami nitaanguka kama mama."

Abi akaweka birika chini. Akaleta maji ya baridi, akauloweka mkono ulioungua, hakuuachia mpaka nesi alipomaliza kutoa damu kwenye mkono wa pili. Kichupa kikatiwa kwenye sanduku la barafu.

"Majibu yakitoka nitakupigia," nesi alisema.

"Sasa utakunywa?" Abi akauliza.

"Nitakunywa. Ila usitie chumvi."

"Hayo si maji ya kuoshea sufuria?" Lakini akaenda kuchemsha mengine.

Chorol alisimama dirishani na kikombe chake, akilitazama gari likishuka kona baada ya kona na damu yake ndani. Chai ikapoa. Abi alimwambia aketi, mara mbili, naye hakuketi.