Kibati Nilichonyoosha Kabambare

Mimi, fundi baiskeli wa Kasongo, nikiona bati imepinda mikono inaniwasha. Helikopta ya wapima ardhi ilipotua Kabambare, nikapewa kazi ya kupangusa mapanga yake mawili ya juu, yale yanayozunguka. Nyuma ya panga moja kulikuwa na kibati kimepinda. Nikakinyoosha kwa koleo.

Ilipopaa, ikatetemeka kama mutu wa malaria. Rubani akaishusha kwa shida, midomo imemukauka. Fundi wake muzungu akapanda kutafuta kosa, akafika kwenye kile kibati. Nami, kwa kimbelembele changu, nikamwambia:

“Bwana, hapo usijisumbue. Nilishapanyoosha asubuhi.”

Akageuka polepole. “Ulinyoosha? Kile nilikikunja miye mwenyewe, mapanga yote mbili ipate kwenda sawa.”

Rubani akatazama koleo mukononi mwangu.